Mitego ya Chuma Ndani ya Simu

Lugha ya Kiswahili ina neno moja litumikalo mahali pawili, na ni wachache wajiulizao sababu yake. Mwindaji hutega mtego porini. Bibi naye, jioni kando ya jiko, hutega kitendawili. Mnyama mwerevu huutegua mtego akaenda zake. Mtoto mwerevu hukitegua kitendawili, na akishindwa hana budi kutoa mji. Wazee waliolitumia neno hilo pande zote mbili waliona mbali. Walitambua kwamba fumbo la maneno na mtego wa mti uliopindwa ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili vimefichwa nguvu ndani yake, na vyote viwili vina mahali padogo ambapo ukipagusa sawasawa, jambo zima hufyatuka.

Hapa kwetu Ukambani vitendawili huitwa ndai, na mtegaji huanza kwa kumwambia mwenzake "Kwata ndai!", yaani aikamate, kana kwamba ndai ni kitu cha kushikwa kwa mkono. Nayo mitego ya wazee wetu ilikuwa mitambo kamili, ijapokuwa haikuwa na chuma hata kidogo: mti mbichi uliopindwa ukawa na nguvu ya kurudi juu, kamba yenye kitanzi, na kijiti kimoja kidogo kilichozuia nguvu yote hiyo isifyatuke mpaka mguu wa digidigi upite.

Nimeanza na habari hizi za kale kwa sababu jambo ninalotaka kulizungumza leo huonekana la kigeni kabisa, nalo ni michezo ya kompyuta na simu ambayo mchezaji husafiri ndani ya hadithi kwa kutegua mitambo. Wazazi wengi mjini Machakos hawaijui, na vijana waichezao hawana habari kwamba babu zao waliicheza kwa miti na maneno.

MCHELE NA PUMBA

Yafaa kwanza tutenganishe mchele na pumba. Mtu mzima akisikia kijana "anacheza kwa simu", mawazo yake hukimbilia mambo mawili: kamari ya mipira, ambayo imekula karo na mishahara ya watu wengi nchini, au michezo ya bunduki ambayo kazi yake ni kuua tu tangu mwanzo hadi mwisho.

Michezo ninayoizungumzia si ya namna hizo. Ndani yake aghalabu hakuna adui wa kupigwa wala pesa za kushindaniwa. Mchezaji huwekwa mbele ya mlango uliofungwa, au mashine iliyokwama, au kasha lisilo na kitasa. Hakuna amwambiaye la kufanya. Huangalia, hugusa, huzungusha, huvuta wenzo huu na kubana valvu ile, mpaka aelewe jinsi sehemu moja inavyoamrisha nyingine. Mashine ikikubali kwenda, njia hufunguka kuelekea mahali papya, na huko hukuta mashine nyingine, ngumu kuliko ya kwanza. Hivyo ndivyo hadithi isongavyo mbele.

KASHA NDANI YA KASHA

Mimi niliingia katika habari hii kwa mlango wa ujomba. Dada yangu, aishiye upande wa vilima vya Iveti, alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Mwanawe alikuwa amemaliza Kidato cha Nne, yupo nyumbani akingoja nafasi ya chuo, na kila usiku taa ya simu yake ilionekana chini ya mlango hadi saa saba. Jirani mmoja alikuwa amegundua kwamba kijana wake ameuza mbuzi watatu wa babake kwa ajili ya kamari, na dada aliogopa kwamba zamu yake imefika.

"Wewe ndiwe mjomba wake," akaniambia. "Njoo uketi naye uone mambo anayoyafanya. Kama ni kamari, simu hiyo nitaitia motoni."

Nilikwenda Jumamosi, nikaketi na kijana. Alichonionyesha ni mchezo uitwao The Room, uliotengenezwa na kampuni ya Fireproof Games ya mji wa Guildford, Uingereza. Ulitoka mwaka 2012 kwa kompyuta bapa za iPad, kisha mwaka 2013 ukaletwa katika simu za Android, ambazo ndizo wengi wetu tunazo. Ndani yake kuna chumba chenye giza, na katikati ya chumba kuna sanduku kubwa la chuma. Ndani ya sanduku hilo mna kasha la mbao na shaba, na ndani ya kasha mna lingine, na kila moja limefungwa kwa namna yake. Mchezaji hutumia kidole. Akitaka kuzungusha ufunguo, hana budi kukizungusha kidole chake kama auzungushavyo ufunguo wa kweli. Akitaka kusukuma kifuniko, hukisukuma. Kipo pia kioo cha kuvaa jichoni, na ukikitumia huona alama zilizofichika ukutani na juu ya mbao.

Nilinyosha mkono nijaribu, na kijana akanizuia kwa adabu.

"Pole pole, mjomba. Tulizunguke kwanza. Pambo linaloonekana halina kazi, pengine ndilo ufunguo."

Tukalizunguka. Kweli, ua la shaba lililokuwa pembeni lilikuwa linazunguka. Lilipozungushwa, kipande cha ubao kiliteleza na kijitundu kikaonekana. Tuliendelea hivyo kwa muda wa saa mbili, na dada alipokuja na chai alitukuta tukibishana juu ya kigurudumu. Nilimhakikishia kwamba hapakuwa na kamari. Hata hivyo hakuridhika, na swali alilouliza lilikuwa la haki: "Sawa, si kamari. Lakini kitamfaa nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nifuatilie jambo lenyewe.

ASILI YAKE NI YA KALE

Mapenzi ya mwanadamu kwa mashine za kushangaza hayakuanza na kompyuta. Mwaka 1206 bingwa mmoja wa Kiislamu, Ismail al-Jazari, aliyekuwa mhandisi katika jumba la mtawala wa Diyarbakir, alimaliza kitabu chake cha mitambo. Ndani yake mna saa yenye umbo la tembo. Katika tumbo la tembo huyo mna tangi la maji, na juu ya maji huelea bakuli lenye tundu. Bakuli hujaa polepole kwa muda wa nusu saa, kisha huzama, na kwa kuzama kwake huvuta kamba. Kamba huachilia mpira. Mpira huangukia kinywani mwa joka. Joka huinama kwa uzito na kulivuta bakuli juu tena. Watazamaji waliona tembo na joka tu. Siri ilikuwa tumboni.

Katika kompyuta, mchezo ulioipa namna hii sifa duniani kote ni Myst, uliotolewa mwaka 1993 na ndugu wawili wa Marekani, Rand na Robyn Miller. Mchezaji hujikuta peke yake kisiwani, pasipo maelezo yoyote, mbele ya mnara wa saa, magurudumu yenye meno na mabomba ya mvuke. Watu wa biashara hawakutarajia kwamba mchezo wa kimya namna hiyo ungependwa, lakini uliuzwa nakala zaidi ya milioni 6, na kwa miaka mingi hapakuwa na mchezo wa kompyuta uliouzwa kuliko huo, mpaka mwaka 2002 ulipopitwa na The Sims.

Mwaka huohuo wa 2002 mchoraji wa Ubelgiji, Benoît Sokal, alitoa Syberia. Humo mwanasheria wa kike kutoka New York hufika katika kijiji cha milima ya Ufaransa ili kukamilisha uuzaji wa kiwanda cha midoli iendayo kwa ufunguo, akajikuta akisafiri kuelekea mashariki kwa gari moshi ambalo nalo huenda kwa kutiwa ufunguo kama saa. Kila kituo lazima atafute njia ya kulitia ufunguo upya, ama sivyo safari imekwisha.

Kati ya yote, ulionigusa zaidi ni Machinarium, uliotolewa mwaka 2009 na kikundi cha Amanita Design cha Ucheki, kikiongozwa na Jakub Dvorský. Ndani yake mna roboti mdogo, Josef, aliyetupwa jalalani nje ya mji akiwa vipande vipande. Kazi ya kwanza ya mchezaji ni kumsaidia ajiunge tena kwa vyuma vikuukuu. Jina hilo lilichaguliwa kwa heshima ya Josef Čapek, ambaye alimpendekezea nduguye Karel neno "roboti" kwa ajili ya mchezo wake wa kuigiza uliochapishwa mwaka 1920. Asili ya neno lenyewe, katika Kicheki, ni kazi ya shokoa. Mji wa Josef ni wa mabati yenye kutu, mabomba yaliyoungwa na misumari, na mtu yeyote aliyepita kwa mafundi wetu wa jua kali atauona kama mji anaoujua.

Jambo kubwa zaidi ni hili: katika Machinarium wahusika hawasemi neno. Wakitaka kueleza jambo, picha huchoreka juu ya vichwa vyao. Basi hapahitajiki Kiingereza wala Kicheki, wala hata kusoma.

FUNDI WA SAA

Kwa sababu hiyo nilimchukua mpwa wangu na simu yake tukaenda mjini kwa mzee mmoja fundi wa saa. Kibanda chake ni kidogo kama kabati, na ukutani zimetundikwa saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Kwa zaidi ya miaka 30 amekuwa akifungua saa za walimu, makarani na madereva wa Machakos. Siku hizi wateja wake ni haba. Watu hutazama saa katika simu, na wale wavaao saa mkononi hutaka betri tu.

"Kitu hicho ndicho kilichoninyang'anya kazi," akasema alipoiona simu. "Mnataka nikitengeneze pia?"

Nilimweleza shida yetu. Kijana alikuwa amekwama mapema katika Machinarium, kwenye daraja la kuingilia mjini, mahali ambapo roboti mlinzi hawapitishi ila askari wenziwe. Palikuwa na koni ya barabarani, rangi ya buluu, na balbu ya taa. Kijana alikuwa amegonga kila mahali kwa kidole mpaka akachoka.

Mzee alivaa miwani yake, akaweka simu juu ya meza, akaitazama kwa dakika nyingi bila kugusa kitu. Kisha akauliza, "Huyu mlinzi amevaa nini kichwani?"

Kijana akatazama. Mlinzi alivaa kofia ya buluu iliyochongoka, yenye taa juu. Koni, rangi, balbu! Kijana akapiga kelele ya furaha hata mama auzaye ndizi nje ya kibanda akachungulia.

Mzee hakucheka. Akasema tu, "Saa ikisimama, usiulize kwanza ni wapi pameharibika. Uliza ilikuwa ikifanya nini ilipokuwa nzima."

Maneno hayo yana uzito kuliko mchezo wenyewe. Mtu aliyezoea kugonga kila mahali kwa bahati nasibu hategui mtego. Hutegemea mtego umtegue yeye. Wachezaji wa mchezo huu wanalijua jambo hilo. Machinarium ina kitabu cha majibu kwa anayeshindwa, lakini kitabu hicho kimefungwa kwa kufuli, na kukifungua lazima kwanza ucheze mchezo mwingine mdogo wa kuchosha. Yaani ukitaka jibu, toa mji. Wacheki hawa wametunga sheria ileile ya bibi zetu.

MACHO YANADANGANYA

Nimeona kwamba michezo hii humfunza mtu mambo matatu, na yote yanaweza kutumika nje ya simu.

La kwanza ni kutazama kabla ya kugusa. La pili ni kufuata nguvu: kila mtambo, uwe wa maji, wa mvuke au wa kamani, una mahali nguvu inapotoka na mahali inapofika, na katikati kuna mnyororo wa sababu. Ukikatika, tafuta pingili iliyokatika, usilaumu mashine nzima. La tatu ni kutoamini macho peke yake. Sisi wa Machakos tuna mwalimu wetu wa jambo hilo, palepale Kyamwilu, katika vilima vya Kituluni kwenye njia ya Mutituni. Wageni humwaga maji barabarani wakayaona yakipanda mlima, na gari likiachwa bila gia huonekana likijisukuma kwenda juu. Wengi husema ni miujiza. Mahali kama hapo papo sehemu nyingi duniani, na sababu ijulikanayo ni kwamba umbo la vilima vinavyozunguka hulificha jicho usawa wa ardhi, hata mteremko ukaonekana mwinuko. Mchezaji wa mafumbo angeuliza mara moja: je, ni maji yanayokosea, au ni mimi ninayetazama vibaya?

KISICHOMO NDANI YA SIMU

Hata hivyo lazima tuseme kweli yote. Simu haina uzito wa chuma. Ndani yake hakuna kitu kinachovunjika, na mchezaji akikosea mara 100 hapotezi hata nukta.

Mzee aliligundua hilo haraka. Siku hiyohiyo alimpa kijana saa ya mezani iliyokufa, akamwambia aifungue. Kijana alifungua bamba la nyuma kwa bisibisi kwa uhodari, akaona magurudumu, na uso wake ukang'aa kama mtu aliyekutana na rafiki. Lakini hakuikumbuka nguvu. Kamani ya saa ile bado ilikuwa imekazwa ndani, na alipolegeza kipande kilichoizuia, ilifunguka kwa kishindo, skrubu mbili zikaruka, na kidole kikachubuka. Tulipiga magoti sote watatu sakafuni kwa nusu saa, tukitafuta kwa sumaku iliyofungwa kwenye uzi. Moja tuliipata.

Ndipo mzee akamwonyesha jinsi ya kuilegeza kamani kwanza: unaushika ufunguo imara, unakiinua kizuizi kidogo, na unaiacha nguvu irudi polepole mkononi mwako mpaka iishe. Akamwonyesha pia kile kipande kiachiacho gurudumu jino moja baada ya jingine, ambacho ndicho chenye sauti ile tunayoiita mlio wa saa. Bila hicho, nguvu yote ya siku nzima ingekwisha kwa muda mfupi tu. Kijana alimfanya mzee arudie maelezo hayo mara tatu. Katika mchezo alikuwa ameona magurudumu mengi, lakini hajapata kuisikia nguvu ikishindana na vidole vyake.

Tangu siku hiyo huenda kwa mzee alasiri tatu kila wiki. Halipwi, naye halipi. Hutafuta skrubu, hupiga mswaki magurudumu kwa petroli, na jioni humwonyesha mzee fumbo jipya. Ile saa ya mezani sasa inatembea, ijapokuwa huchelewa dakika nne kwa siku. Dada yangu ameiweka sebuleni. Kuhusu simu, ametoa hukumu yake kwamba saa nne za usiku izimwe, na kijana amekubali.

JE, YETU IKO WAPI?

Linabaki jambo moja la kuwauliza vijana wetu wanaojua kutengeneza programu. Wakenya wamekwisha kuonyesha kwamba kazi hii wanaiweza. Mwaka 2015 ulitoka mchezo wa Nairobi X, nao ni wa kupiga risasi. Basi kwa nini tusiwe na mchezo wa mafumbo wenye mitambo yetu wenyewe? Tunayo mitego ya miti iliyopindwa. Tunayo mizinga ya nyuki inayotundikwa juu ya miti kwa kamba na ujanja mwingi. Tunazo motokaa za waya ambazo watoto wa vijijini huziunda kwa mikono, zenye usukani unaogeuza magurudumu kwelikweli. Tunazo ndai zisizo na idadi.

Asiwepo wa kusema kwamba ufundi huo ni wa Wazungu. Uchongaji wa vinyago, ambao leo dunia nzima huuhesabu kuwa kazi ya Wakamba, uliletwa Wamunyu na Mutisya Munge, aliyejifunza huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alichokiona ugenini alikileta nyumbani, akakifunza jirani zake, na haukupita muda mrefu kikawa chetu, kikalisha maelfu ya watoto.

Nawasihi wazazi wenzangu kwamba kabla ya kuitia simu motoni, ketini na mtoto mwone anachokitegua. Ikiwa ni kamari, pigeni marufuku bila huruma. Lakini ikiwa ni kasha lililofungwa, mshikeni mkono mumpeleke kwa fundi aliye karibu: wa saa, wa baiskeli, wa redio, au wa mashine ya kusaga unga. Mafundi hao wanazeeka, na wengi wao hawana wa kumwachia bisibisi.